Pepo Akitaja Jina

Mheshimiwa Mwenyekiti, mashehe wangu, wachungaji, daktari wetu, walimu wenzangu, na nyie vijana mliojazana mpaka madirishani: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye hakuguswa na salamu hizo mbili, hujambo?

Nimewekwa mwisho, saa ambayo harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Najua ninashindana na nani.

Daktari ametuambia mapepo ni kifafa, ni msongo wa mawazo, ni homa iliyopanda kichwani. Mchungaji ametuambia ameona kwa macho yake binti mwembamba akiwashinda nguvu wanaume wanne. Mmewapigia makofi wote wawili, tena wengine ni mikono ileile. Sishangai. Kwetu Tanga mtu anapita hospitali asubuhi, alasiri anakunywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Qurani zilizoandikwa kwenye sahani, Jumapili jirani anamsindikiza kwenye maombezi, na haoni kwamba amejipinga popote.

Bango hapo nyuma yangu linauliza: "Mapepo yapo au hayapo?" Nitasema niliposimama, msije mkafikiri nakwepa. Mimi ni Mwislamu. Majini naamini wapo. Qurani ina sura nzima yenye jina lao. Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, alikuwa kiti, na vijana wasiojua waulize wazazi wao kiti ni nini na nani hukikalia. Kwa hiyo sikuja kumsaidia daktari. Lakini swali nililokuja nalo si la kwenye bango. Ni hili: pepo akipanda, akafungua kinywa, akataja jina la mtu, yale maneno tuyafanye nini?

Nimekuwa matroni wa shule ya wasichana ya bweni miaka kumi na sita. Shule siitaji. Mwaka mmoja, wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa, binti wa kidato cha tatu alianguka bwaloni akiwa kwenye foleni ya kuosha sahani. Mtoto mpole, mlinda lango wetu wa netiboli. Alianguka na sahani yake, ile sahani ya bati ikazunguka sakafuni muda mrefu, na mpaka leo nikisikia bati linazunguka moyo unaruka. Tukambeba. Kabla hatujafika bwenini mwingine alishaanguka nyuma yetu. Ilipofika Ijumaa, kwenye daftari la zamu nilikuwa nimeandika majina 23. Wanalia, wanakunjana vidole, wanasema kuna mtu mweusi mrefu kasimama karibu na tangi la maji.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa sayansi. Akasema wanaigiza, wanakwepa mtihani, akaagiza fimbo. Nilikuwepo. Binti alichapwa na hakupepesa jicho, na wenzake walioona hivyo wakaanguka palepale. Jioni ile mkuu akawa hana la kusema, na mwalimu mmoja akaleta kikundi cha waombaji kutoka mjini. Walikuja Jumamosi. Naomba ieleweke kwamba walikuja kwa nia njema. Walifunga tangu alfajiri, na nauli walijilipia.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana jambo lenyewe lilitokea ndani ya dakika kama tano. Shule nzima imekusanyika bwaloni. Yule mlinda lango amekaa chini katikati, kiongozi wa maombi kamwekea mkono kichwani. Akauliza: "Umetumwa na nani?" Kimya. Akauliza tena, kwa ukali zaidi. Kimya, mtoto anatetemeka tu. Mara ya tatu, vilevile. Mara ya nne swali likabadilika, na sidhani kama mwulizaji mwenyewe alijua kwamba amelibadilisha. Alisema: "Aliyekutuma yuko humu humu shuleni?" Mtoto akatikisa kichwa, ndiyo. "Ni mwalimu?" Hakujibu. "Ni mfanyakazi?" Ndipo ikatoka sauti nzito, si yake ninayoijua, ikasema: "Mpishi."

Mpishi wetu tulimwita Mama Jiko. Jumatano ya wiki ileile alimkuta yule binti anakwangua ukoko kwenye sufuria la wali, akampiga mwiko wa mkono mbele ya wenzake, wakamcheka. Mimi nilikuwepo jikoni. Nilijua. Nilisimama bwaloni pale nikiwa najua, nikanyamaza, kwa sababu watu mia tatu walikuwa wamepiga kelele kwa pamoja, na mimi nani nibishane na pepo?

Mama Jiko aliondoka usiku uleule akisindikizwa na mlinzi, kwa usalama wake. Hakuna aliyemwuliza chochote.

Na mabinti walipona? Hapana. Waliendelea kuanguka mpaka shule ilipofungwa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Nilikuwa nataka nipate mtu wa kunilaumu, au wa kunisamehe, sijui. Nikaangukia Ufaransa. Kuna mji unaitwa Loudun, na mwaka 1632 masista wa shirika la Mtakatifu Ursula katika nyumba yao ya kitawa walianza kupagawa. Wakemeaji wa pepo, mapadri, wakaletwa, ibada zikafanywa hadharani, watu wakija kutazama kama tunavyokwenda kutazama mpira. Pepo wakaulizwa nani kawatuma. Wakamtaja Urbain Grandier, padri wa parokia palepale mjini, mtu mzuri wa sura, mwenye ulimi, mwenye maadui wengi. Mkuu wa wale masista, Jeanne des Anges, aliwahi kumwomba awe mwungamishi wao, naye akakataa. Mnaona? Kuna ukoko wa wali hapo pia.

Wakemeaji wa Loudun walikuwa na hoja, na ni hoja nzito ambayo hata leo nasikia watu wakiitumia bila kujua imetoka wapi. Walisema pepo ni mwongo, sawa, lakini akibanwa kwa jina la Mungu analazimika kusema kweli. Ukiikubali hoja hiyo, ushahidi umekwisha kupatikana. Kulikuwa na watu mjini waliocheka, maana pepo aliyetakiwa kujua lugha zote alikuwa akikosea sarufi ya Kilatini. Mjumbe wa mfalme akatoa amri: atakayewasema vibaya masista au wakemeaji atatozwa faini ya livre 10,000, pesa ya Ufaransa ya wakati ule. Kicheko kikaisha.

Kisha Jeanne des Anges mwenyewe, huyohuyo, akatoka uani mvua ikinyesha, amevaa shati la ndani tu, kamba shingoni, mshumaa mkononi, akasema amemsingizia mtu asiye na hatia. Wakasema hiyo nayo ni hila ya shetani, anataka kumwokoa mtumishi wake. Angalieni mtego huo ulivyofungwa: akimtaja mtu, pepo kalazimishwa kusema kweli, akikanusha, pepo anadanganya. Tarehe 18 Agosti 1634 Grandier alichomwa moto akiwa hai. Na masista? Waliendelea kupagawa kwa miaka kadhaa. Kama mabinti wangu.

Daktari, nakuona unatabasamu. Subiri.

Miaka ishirini tu kabla ya moto ule, mwaka 1614, Kanisa Katoliki lenyewe lilitoa kitabu cha taratibu za ibada, na katika sehemu ya kukemea pepo, agizo la mwanzo kabisa kwa padri ni asiamini upesi kwamba mtu amepagawa. Linamkataza pia maswali ya udadisi. Kwa hiyo waliomchoma Grandier hawakuwa na ukosefu wa kitabu. Nyuma zaidi, mwaka 1599, kulikuwa na binti aliyeitwa Marthe Brossier, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Romorantin. Alizungushwa na baba yake mji hadi mji akionyesha mapepo yake, na yeye pia alimtaja jirani kwamba ndiye mchawi wake. Alipofika Angers, askofu akamkaribisha. Akampa maji ya kawaida ya kunywa, akamwambia ni ya baraka, binti akaanguka. Akampa ya baraka kimyakimya, hakutikisika. Kisha askofu akafungua kitabu, akavaa uso wa ibada, akaanza kusoma Kilatini. Binti akagaagaa chini. Kilichosomwa ni mstari wa kwanza wa shairi la kipagani la Virgil, linalosimulia vita na shujaa wa Troya.

Aliyefanya hivyo ni askofu. Mtu wa imani, na kwa sababu ya imani hakutaka jina la Mungu litumike ovyo. Marthe alipopelekwa Paris, daktari Michel Marescot alimpima akaandika hukumu yake kwa maneno machache ya Kilatini: ya pepo, hakuna; ya kuigiza, mengi; ya ugonjwa, machache. Madaktari wengine wa Paris walisema amepagawa kweli, kwa hiyo tusiseme kwamba taaluma ilisimama upande mmoja.

Ndugu zangu wachungaji, niruhusuni niingie shambani kwenu kidogo. Injili ya Marko, sura ya kwanza, Yesu anatoa pepo wengi, na imeandikwa hakuwaacha waseme, kwa sababu walimjua. Yaani walikuwa na la kusema, na huenda lilikuwa la kweli, na bado akawanyamazisha. Yohana sura ya nane inamwita ibilisi baba wa uongo. Na sisi upande wetu tuna hadithi ya Abu Huraira, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua: alikuwa analinda zaka ya Ramadhani, akamkamata mwizi usiku, mara ya tatu yule mwizi akamfundisha kusoma Ayatul Kursii kabla ya kulala. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia Abu Huraira: amekuambia kweli, naye ni mwongo mkubwa. Yule alikuwa shetani. Sasa mnaona ukweli wa neno lile ulithibitishwa na nani? Na Mtume. Hakuthibitisha shetani mwenyewe. Je, bwaloni kwetu nani alithibitisha?

Ndiyo maana nikamkumbuka bibi yangu. Nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya pazia, lakini kilinge nakikumbuka: ubani, sinia, ngoma, akina mama wanajibu wimbo. Pepo wa bibi alikuwa ruhani, Mwarabu kwa maelezo yake mwenyewe. Akipanda, fundi, yaani mganga wa kilinge, anamwamkia kwa adabu, kisha anamwuliza, "Unataka nini?" Anataka kahawa, halua, marashi ya waridi na nguo nyeupe. Babu ananuna, anatoa pesa, pepo anashuka, bibi anaamka amechoka na mwenye furaha. Ioan Lewis, mtaalamu wa Uingereza, aliandika mwaka 1971 kwamba wanawake wasio na sauti hupata kwa kupitia pepo kile wanachonyimwa na wanaume. Linda Giles, aliyefanya utafiti wake hapahapa pwani yetu, akamjibu mwaka 1987 kwamba mambo si mepesi hivyo, vilingeni kuna watu wenye heshima zao na sababu zao. Babu yangu, nadhani, angekuwa upande wa Lewis.

Lakini sikilizeni tofauti ya maswali. "Unataka nini?" lilimgharimu babu halua. "Umetumwa na nani?" lilimgharimu Mama Jiko kazi, na Grandier uhai. Wala sitaki kuwapamba waganga wetu. Wapo wa ramli ambao kazi yao ni hiyohiyo ya kutaja, na kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia maisha yao yote.

Sasa daktari, zamu yako. Wenye shaka nao wana kosa lao, na mkuu wangu wa shule ndiye aliyenionyesha. Yeye aliona kuna mambo mawili tu duniani: ama pepo, ama uongo. Hakuna pepo, basi hawa waongo, lete fimbo. Mwaka 1962, tarehe 30 Januari, nchi ina uhuru wa siku hamsini na kidogo, wasichana watatu wa shule ya Kashasha, huko Bukoba, walianza kucheka na kulia, wakashindwa kuacha. Kufikia tarehe 18 Machi walikuwa 95 kati ya 159, shule ikafungwa. Wakarudishwa nyumbani, na kucheka kukaenda nao. Kijijini Nshamba peke yake walipatwa watu 217. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, walichunguza chakula. Hawakukuta kitu. Na bado hawakuwaita wale watoto waongo. Waliandika kwamba ni mshtuko wa kundi, unaoambukizwa kwa kuonana na kusikiana, na kwamba mwalimu hata mmoja hakupatwa.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: wanakijiji wengine walisema hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa duniani wakati ule. Inachekesha, eh? Lakini bomu la atomiki haliwezi kufukuzwa kazi usiku. Katika masimulizi yote ya Kashasha niliyosoma sijakuta mpishi aliyetajwa.

Nisiache kumsema binti mmoja wa Ujerumani, maana daktari amemtaja kwa haraka akapita. Anneliese Michel alikuwa anasomea ualimu huko Würzburg, na sisi walimu tunamhesabu wetu. Degedege la kwanza lilimpata mwaka 1968, akiwa na miaka 16, akatibiwa kama mgonjwa wa kifafa miaka kadhaa. Baadaye yeye na wazazi wake wakaona ni pepo. Askofu akatoa kibali, na kuanzia Septemba 1975 mapadri wawili walimfanyia ibada za kukemea mara 67. Sauti zilizotoka kinywani mwake zilijitaja: Nero, Yuda, Hitler. Zikarekodiwa, kanda arobaini na zaidi. Nami nilipofika hapo nikajiona bwaloni kwangu: watu wema, wenye mfungo, wamemzunguka mtoto, masikio yote yameelekea kwenye sauti. Huku mtoto mwenyewe ameacha kula. Alifariki tarehe 1 Julai 1976 kwa njaa na kukosa maji mwilini, ana uzito wa kilo kama 31. Mahakama ya Aschaffenburg, mwaka 1978, iliwakuta wazazi na mapadri wote wawili na hatia ya kusababisha kifo kwa uzembe. Wataalamu walisema hata wiki moja kabla angeweza kuokolewa.

Hapo, Mwenyekiti, imani ya mtu haihitaji kuguswa hata kidogo. Pepo yumo au hayumo, uji unanyweka. Mizani ipo. Na dawa ya kifafa haijawahi kumzuia mtu kusali. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeandika ugonjwa wa kupagawa, na likaongeza kwamba anayepandwa ndani ya desturi inayokubalika katika dini au utamaduni wake hahesabiwi mgonjwa kwa hilo tu. Bibi yangu, kwa hiyo, amepona akiwa kaburini.

Kijana pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipoanza, na kabla sijakaa nitajaribu kubahatisha swali lake, kwa sababu ndilo ninaloulizwa kila mahali: "Na kama pepo alisema kweli? Na kama mpishi alikuwa mchawi kweli?" Mwanangu, hata kama. Mtu aliyeiba kuku akifikishwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji anaulizwa, "Unasemaje?" Na anayemshitaki anasimama hapo, ana jina, kesho akikutwa amesema uongo anajulikana kwake. Pepo akishuka hakuna wa kumwita tena. Yule binti mwenyewe, asubuhi yake, aliniuliza mbona chai imechelewa, Mama Jiko kaenda wapi.

Hilo ndilo nilipaswa kulisema bwaloni siku ile, na sikulisema. Ningesema tu: jamani, Jumatano kulikuwa na ugomvi wa ukoko. Sentensi moja.

Nilimwona Mama Jiko miaka kama minane baadaye, stendi, anauza chapati na maharage chini ya mwembe. Alinitambua kabla yangu. Nikaanza kujieleza, akanikata. Akasema mwezi ule walikuwa hawajamlipa alipotolewa, wala baadaye hawakumlipa. Nikafungua mkoba nikampa zote nilizokuwa nazo, nauli ikiwemo. Akazihesabu mbele yangu, noti kwa noti, akazikunja kwenye pindo la kanga.

Akasema, bado.